Cherehani ya Aliyenipata

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Wengine huja mbele yenu na hadithi yenye mwisho wake mkononi. Mimi mwisho wa hadithi yangu nimeuacha nyumbani. Umesimama sebuleni, una gurudumu moja na sindano moja, na unasubiri kubebwa. Nisikilizeni, kisha mnisaidie.

Palikuwa na makarani watatu wa masijala, katika vituo vitatu vya tiba kwenye milima ya Usambara. Karani wa masijala ni yule anayekaa nyuma ya kidirisha: unamtajia jina lako, anakutafutia faili lako. Akilipata upesi humkumbuki. Akichelewa unamkumbuka wiki nzima.

Wa kwanza aliitwa Rukia Shemdoe, wa zahanati ya Bondeni. Kipaji chake kilikuwa kuita watu. Rukia hakuweza kula peke yake. Alisimama mlangoni na sahani mkononi mpaka apite mtu wa kumkaribisha.

Wa pili aliitwa Eliudi Kaoneka, wa hospitali ndogo ya misheni. Kipaji chake kilikuwa kutunza. Ukimwandikia ujumbe leo kwenye pembe ya gazeti, mwaka kesho atakuonyesha pembe ile ile, na atakuambia neno gani ulikosea.

Wa tatu aliitwa Nasra Kupaza, wa kituo cha afya cha Mlimani, mdogo kuliko wenzake. Kipaji chake kilikuwa kuuliza. Mama yake alisema mtoto huyu hata kilio chake cha kwanza kilikuwa na alama ya kuuliza mwishoni.

Na alikuwepo mwanamke mmoja, mke wangu. Huyu nitamtaja kwa majina yake yote, kwa sababu hadithi imo ndani ya majina hayo. Kwa baba yake aliitwa Mwantumu Kihiyo. Kwangu aliitwa Mwantumu Singano. Mtaani, tangu binti yetu azaliwe, aliitwa Mama Nuru, na wapo majirani wa miaka ishirini ambao hawakuwahi kujua kwamba ana jina lingine. Alifundisha Kiswahili shule ya msingi kwa miaka thelathini na mmoja. Jioni alishona kwa cherehani ya miguu. Kumbukeni yote mawili, ualimu na ushonaji. Nitayarudia.

Sasa tuanze na Rukia.

Siku moja alifika mzee kwenye kidirisha chake, akaulizwa jina, akasema, "Hoza." Hoza nani? "Hoza tu." Zahanati ile ilikuwa na akina Hoza kumi na tisa. Rukia alitamani kumuuliza mtu, ninyi wenzangu huwa mnafanyaje? Akagundua kwamba hana wa kumuuliza. Wauguzi walikuwa na chama chao, madereva walikuwa na kijiwe chao, hata wapishi wa wodini walikuwa na siku yao ya kukutana. Karani wa masijala alikuwa na kidirisha.

Akaandika barua tisa kwa mkono, kwa vituo tisa, akazipeleka kwa gari la chanjo. Moja ya barua hizo nimeiona. Inasema hivi: "Mimi ni karani wa masijala wa Bondeni. Sina tatizo lolote. Nataka tu kujua kama na wewe upo. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi, nyumbani kwangu. Chai ipo."

Mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati yake, alicheka. "Mkutano wa makarani? Mtaongea nini, vumbi?"

"Tutaanza na vumbi, mganga," Rukia akamjibu.

Jumamosi ya kwanza hakuja mtu. Rukia alikanda unga wa kutosha watu kumi, akala maandazi na majirani. Jumamosi ya pili ilinyesha mvua, na saa tano akatokea mwanamume mmoja mrefu, amelowa hadi magotini. Alikuwa Eliudi.

"Karibu, karibu! Umeitikia barua!"

"Barua gani?" akasema Eliudi. "Nilikuwa napita, mvua ikanikuta, nikaona mlango wazi."

Barua ilikuwa mfukoni mwake, imekunjwa mara nne. Alikuja kukiri baada ya mwaka mzima.

Jumamosi ya tatu akaja Nasra. Kabla hajavua viatu alikuwa ameshauliza: "Hapa ndipo? Mko wawili tu? Mbona wawili? Na hili andazi kubwa ni la nani?"

Rukia alikuwa na viti viwili. Akakunjua jamvi, wakakaa chini wote watatu, na kundi likapata jina: Jamvi la Masijala. Halikuwa na mwenyekiti wala muhuri. Kufikia mwisho wa mwaka walikuwa sita. Mtu mwingine angeacha baada ya Jumamosi ile ya kwanza. Rukia alikanda unga tena.

Sasa Eliudi.

Mwaka uleule, hospitali ya misheni ilipata msimamizi mpya aliyependa usafi. Akaingia masijala, akaona kadi zilizoandikwa "Mama Shebe", "Mama Rehani", "Mama Watoto", "Mama wa kule mtoni". Akina mama hawa waliletwa na majirani, wengine wakiwa hawajitambui, na jirani akiulizwa jina hutaja lile analolijua. Msimamizi akatoa amri: kadi zisizo na jina kamili zichomwe, kwa kuwa hazina mwenyewe.

Eliudi alikuwa mtu wa kutii. Alichukua kadi zote akaenda nazo hadi kwenye shimo la takataka. Akasimama pale na kiberiti. Kisha akarudi nazo. Akatafuta sanduku la mbao lililokuja na vipuri vya jenereta, akazipanga humo kwa tarehe, maana kwa majina haikuwezekana, akaliweka chini ya meza na kulifunika kwa koti lake. Kila kadi mpya ya aina ile nayo ikaingia humo.

"Msimamizi akiliona?" Rukia alimuuliza jamvini.

"Atanifukuza."

"Na wewe unalificha kwa sababu gani hasa?"

Eliudi akajibu, "Kadi haina jina, sawa. Lakini ina mtu."

Wakaliita Sanduku la Kina Mama. Walimtania nalo. Akifika, Rukia humuuliza, "Wake zako hawajambo?" naye hujibu, "Arobaini na saba, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba ameolewa." Alijua kila siku asubuhi kwamba anaweza kupoteza kazi kwa sababu ya sanduku lisilo na faida. Alitunza hivyo hivyo.

Sasa Nasra.

Ilikuwa mwezi wa kumi, wanakunywa chai, Nasra akauliza, "Kwani mtu mmoja ana majina mangapi?"

"Mawili," akasema Eliudi. "Lake na la baba yake. Ndivyo fomu inavyotaka."

"Mama yangu je? Akienda kutibiwa kwao, ameandikwa kwa jina la babu. Akitibiwa mjini kwa kadi ya baba, ameandikwa kwa jina la baba. Akianguka sokoni, ni Mama Nasra. Hapo mmeshapata wagonjwa watatu, na wote wanaumwa mgongo."

Wakacheka. Rukia ndiye aliyeacha kucheka kwanza.

Siku ile wakakubaliana jambo. Kila mwanamke mtu mzima akifika kidirishani ataulizwa majina matatu: la kwa baba, la kwa mume, la kwa mtoto. Kila Jumamosi ya Jamvi majina yatasomwa. Yatasomwa majina tu. Ugonjwa wa mtu hautatajwa. Anayelitambua jina atasema "Ninalo", na karatasi zitahama kwa barua ya daktari. Zilikuwa kanuni tatu, wakaziandika nyuma ya kalenda.

Kukubaliana jamvini ni rahisi. Kidirishani kuna foleni. Wanawake walikereka na waume walikasirika. Mwanamume mmoja alimwambia Nasra, "Binti, unataka kumtibu mke wangu au unataka kumposa?" Makarani wengine wawili waliacha kuuliza baada ya wiki moja. Nasra hakuacha. Aliuliza huku akitukanwa.

Najua alivyotukanwa, kwa sababu mmoja wa waliomtukana ni mimi.

Ilikuwa mwezi wa kwanza. Mwantumu aliamka amechoka, na jana yake aliamka amechoka, na mimi nikaona ni baridi. Nikampeleka Mlimani. Nikataja "Mwantumu Singano", na yule binti wa kidirishani akauliza, "Na kwa baba yake?" Nikasema, "Andika jina moja, bibie. Tumekuja kutibiwa, hatukuja kuhesabiwa." Mwantumu, aliyezoea kuniita Mwalimu kwa kuwa nami nafundisha, akanivuta mkono wa shati. "Mwache, Mwalimu. Ameuliza vizuri." Akainama kwenye kidirisha akamjibu: "Kihiyo. Na mtaani mimi ni Mama Nuru." Akapimwa, akapewa vidonge vya kuongeza damu, tukarudi nyumbani.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Nasra akasoma orodha yake jamvini. Jina la nane lilikuwa hili.

"Mwantumu Kihiyo," akasoma.

Rukia akaweka kikombe chini. "Ninalo. Mwezi wa tatu. Alikuwa kwa dada yake huku Bondeni, dada mtu ndiye aliyemwandikisha."

"Mama Nuru."

Eliudi alilivuta sanduku, alilokuwa akija nalo tangu majina yaanze kusomwa, akahesabu tarehe kwa kidole, akatoa kadi moja. Mwezi wa nane. Wauza mboga wa sokoni walimleta amezirai. Jina: Mama Nuru. Umri: mtu mzima.

Nami nilikuwa sijui habari ya kuzirai. Mwantumu alipumzishwa pale saa mbili, akapewa vidonge, akarudi nyumbani na mboga zake, akapika.

Jumatatu daktari wa Mlimani aliandika barua. Rukia alipanda mlima na faili lake, Eliudi alishuka na kadi yake, na karatasi tatu zikalala meza moja. Mimi na mke wangu tuliitwa. Kila karatasi peke yake ilikuwa karatasi ya kawaida: mama mchovu, damu imepungua kidogo, apewe vidonge. Hakuna aliyekosea. Lakini sasa zilikuwa pamoja. Mwezi wa tatu, kipimo cha damu kumi na moja. Mwezi wa nane, tisa. Mwezi wa kwanza, saba.

Nimefundisha hesabu sekondari kwa miaka thelathini na miwili. Kumi na moja, tisa, saba: ni mfuatano unaoshuka kwa tofauti ya mbili, na mwanafunzi wa kidato cha pili angekutajia namba inayofuata. Niliishi nyumba moja na mfuatano huo karibu mwaka mzima.

Daktari akasema, "Damu hii inakwenda mahali. Tukatafute." Katika hospitali ya rufaa walipata uvimbe kwenye utumbo, unavuja kidogo kidogo. Wakampasua mwezi wa pili. Daktari bingwa alituambia kwamba tungechelewa mpaka namba ifike tano, asingethubutu kushika kisu.

Akaishi miezi ishirini na sita.

Nataka mnielewe kuhusu miezi hiyo. Sisemi "ni miezi ishirini na sita tu". Ningeweza kupata miwili. Nilipata ishirini na sita, na kila mmoja nilijua kwamba nimepewa. Alimpokea mjukuu wetu wa pili na kumfundisha kuita "bibi". Tulipanda viazi misimu minne. Tuligombana kuhusu redio, na nilishukuru hata kwa ugomvi. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi alikwenda kukaa jamvini, ingawa hakuwa karani. Walimwita Mgonjwa Namba Moja, naye alipenda cheo hicho kuliko ualimu mkuu msaidizi.

Na alishona. Aliona kadi zinavyochakaa, akaanza kushona mifuko ya kitambaa ya kuzihifadhi, na juu ya kila mfuko alitarizi mistari mitatu, ya kuandikia majina matatu. Alishona mifuko mia tatu na kumi na miwili. Nimeihesabu.

Alifariki mwezi wa nne, asubuhi, kitandani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Wiki moja kabla aliniambia, "Baba Nuru, cherehani yangu mpe aliyenipata."

"Yupi kati yao?"

Akatabasamu. "Mwalimu wa hesabu huwezi kujumlisha?"

Nilidhani tutaliongea tena. Hatukuliongea.

Siku ya arobaini yake, baada ya dua na chakula, niliwaambia wale watatu maneno hayo kama alivyoyasema. Wakaanza kwa utani, maana ndivyo walivyozoea.

"Basi niiteni fundi," Rukia akasema. "Mimi ndiye. Nisingewaandikia barua mngejuana wapi? Wewe Eliudi ungekuwa bado unapita tu na mvua yako."

"Tungejuana, tungekaa tutazame nini?" Eliudi akajibu. "Kadi ile ilikuwa shimoni, dada. Niliitoa mimi. Majivu hayasomeki."

"Kaka Eliudi, sanduku lako lilikuwa linafuga mende," akasema Nasra. "Ungelitunza mpaka ustaafu. Mimi ndiye niliyeuliza huyo Mama Nuru ni nani."

Tulicheka sote. Kisha Rukia, angali anacheka, akasema, "Kuuliza tu, mdogo wangu? Kuuliza hata kasuku anauliza."

Nasra aliinamia sahani yake. Na Eliudi, nadhani alitaka kumtetea, akasema, "Na wewe dada, tukisema ukweli, mchango wako ulikuwa maandazi."

Hapo hakucheka mtu. Rukia alikunja kanga yake, akaniaga kwa adabu, akaondoka.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi uliofuata Jamvi halikukaa. Wala ya mwezi uliofuata huo. Siku hizi wako makarani kumi na wanne, wa Bondeni na vile vituo vyote tisa, na wale kumi na mmoja wengine wamegawanyika: wa bondeni wanasema ni Rukia, wa juu wanasema ni Nasra, wa misheni wanasema Eliudi aliweka kazi yake rehani. Na ukutani kwa Nasra imebandikwa orodha ya majina ambayo hayajasomwa. Nilikwenda kuyatazama. Ni wanawake ishirini na tisa. Mmoja wao huenda yuko kumi na moja. Mmoja huenda yuko tisa.

Shukrani ya mke wangu ndiyo iliyolikunja jamvi lililompa uhai. Ndiyo maana sina nafasi ya kungoja.

Nikawaendea mmoja mmoja, mchana, kazini kwao.

Rukia alinipokea kwa chai, lakini hakunywa nami. "Mwalimu, mimi nina cherehani, tena mpya. Sikitaki hicho chombo. Ila Jumamosi ile ya kwanza nilikaa peke yangu na maandazi ya watu kumi. Nataka mtu aniambie kwamba ile nayo ilikuwa kazi."

Eliudi alinionyesha sanduku. Sasa liko juu ya meza, halina koti. "Mimi na mke wangu hatujui hata kuingiza uzi kwenye sindano," akasema. "Neno ndilo ninalolitaka. *Aliyenipata.* Miaka yote naambiwa natunza takataka."

Nasra aliniamkia, "Shikamoo, Mwalimu," na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuuliza kitu baada ya hapo. Nilipoinuka kuondoka ndipo aliposema, "Wewe ulinikemea pale dirishani. Yeye akasema nimeuliza vizuri. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Nikiambiwa sasa kwamba si mimi niliyempata, sawa. Ila niambiwe na wewe."

Watu wamenishauri. Jirani yangu amesema waipokezane, mwezi mmoja mmoja. Imamu amesema iwekwe kwa Rukia iwe ya Jamvi zima. Ni ushauri mzuri, na ningeufuata, kama mke wangu angekuwa fundi tu. Lakini alikuwa mwalimu wa Kiswahili. Kwa miaka thelathini na mmoja alisahihisha umoja na wingi kwa kalamu nyekundu, na hata akiwa na homa alinisahihisha mimi. Angetaka wote watatu angesema *walionipata*. Alisema *aliyenipata*. Yule alikuwa anajua anachosema, na alisema mmoja.

Binti yetu Nuru alinisikiliza nikilalamika hivyo kwenye simu, akasema, "Baba, na kama ni wewe? Kumpata mama, ulimpata wewe kwanza. Miaka thelathini na tisa iliyopita."

Nililifikiria hilo kwa siku mbili. Ni kweli kwamba neno linaweza kubeba maana hiyo, na ni kweli kwamba alikuwa na mzaha wa namna hiyo. Nikalifuta. Mtu aliyesimama dirishani akasema "andika jina moja" hawezi kujiandika mwenyewe kwenye mstari huo.

Basi, wasikilizaji wangu, hesabu iko mbele yenu. Bila Rukia kuita, wawili wale wasingekutana, na karatasi tatu zingebaki milima mitatu. Bila Eliudi kutunza, mfuatano ungekosa namba ya katikati, na daktari amenihakikishia kwamba kwa namba mbili asingetuandikia rufaa. Bila Nasra kuuliza, majina matatu yangebaki wanawake watatu. Ondoa mmoja, yeyote, na jibu ni sifuri. Nimeondoa kila mmoja kwa zamu, kwenye karatasi, mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Leo ni Alhamisi. Nimewaandikia makarani wote kumi na wanne, kwa mkono, kwa gari la chanjo: "Jumamosi, saa nne asubuhi, nyumbani kwangu. Chai ipo." Nimekopa jamvi. Maandazi nimejaribu kukanda mwenyewe, na sitayasemea zaidi.

Cherehani nimeifuta vumbi na kuitia mafuta. Chini ya sindano bado kuna mfuko wa mia tatu na kumi na tatu, alioushona nusu. Mistari miwili imetariziwa na wa tatu haujaanza. Sijauondoa. Atakayeichukua atauanzia hapo.

Nitasimama mlangoni. Watakuja, nadhani watakuja, na watasimama uani wakinitazama, Rukia upande huu, Eliudi upande ule, Nasra nyuma yao. Nami itanibidi niite jina moja.

Ninyi mmekaa, mmesikia yote, na hamjamtukana mtu dirishani. Niambieni kabla ya Jumamosi. Mngekuwa mmesimama mlangoni pangu, mngemwita nani?